Kopo la siku: shajara ya kulisha na kufunza watoto wawili wa mbwa, wiki ya 8 hadi ya 24

Wiki ya 7. Maandalizi

Watoto ni wawili wa tumbo moja, dume Kito na jike Shaba. Mama ni mbwa wa kienyeji, baba German Shepherd. Watalelewa Kigamboni, Dar es Salaam, wawe mbwa wa nyumbani wenye kutii, na wakikomaa wanakadiriwa kufika kilo 26 hadi 30. Shajara itafuata kinachoingia kwenye bakuli na kinachotoka mkononi wakati wa mafunzo, na vyote viwili vitaandikwa kwenye hesabu moja. Wafugaji wengi hupima bakuli kwa makini halafu zawadi wakazitoa kama vile hazina kalori. Miezi miwili baadaye mbwa amenenepa, anachagua chakula, na anaharisha kila Jumapili.

Vifaa: mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, mizani ya kupimia mtu (unapanda ukiwa umembeba mbwa, kisha peke yako, unatoa), bakuli mbili za chuma cha pua, sinia mbili pana, makopo mawili madogo yenye mfuniko, kila moja na jina la mbwa wake, daftari.

Chakula cha msingi ni kikavu cha watoto wa mbwa wa umbo kubwa, kalori 370 kwa gramu 100. (Kalori humu ni kilokalori, kama kwenye vyakula vya watu.) Kwenye lebo tuliangalia kwanza kama imeandikwa ni cha ukuaji, kisha protini, mafuta na kalsiamu. Viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo cha Marekani, ambavyo watengenezaji wengi huvifuata, vinataka chakula cha ukuaji, kikihesabiwa bila maji yake, kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5, mafuta yasiyopungua 8.5 na kalsiamu isiyopungua 1.2. Kwa mbwa watakaofika kilo 32 au zaidi, kalsiamu isizidi 1.8. Hawa wetu watakuwa karibu na mpaka huo, kwa hiyo tumewahesabu kama wakubwa.

Chakula kinachouzwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi tulikiacha. Bei yake ni nafuu, lakini hakina lebo wala tarehe, na kwa joto la Dar mafuta yake huchacha upesi. Ukikinusa kikanuka kama rangi ya kupakia ukuta, kimekwisha.

Hesabu ya kalori: uzito kwa kilo unapandishwa kwa kipeo cha 0.75, unazidishwa kwa 70, kisha kwa 3 mpaka mbwa afike miezi minne, na kwa 2 baada ya hapo. Kipeo hicho kinapatikana hata kwenye kikokotoo cha simu: zidisha uzito kwa wenyewe mara tatu (kilo 5 ni 5×5×5 = 125), kisha bonyeza kipeuo cha pili mara mbili (11.18, halafu 3.34). Jibu ni makadirio ya kuanzia. Baada ya hapo mbavu za mbwa ndizo zinazosema.

Wiki ya 8, siku ya 1 hadi ya 7. Kuhama chakula

Uzito: Kito 5.2, Shaba 4.7. Kwa Kito inatoka kalori 723, yaani gramu 195 za chakula kikavu kwa siku. Kwa Shaba 670, yaani gramu 181.

Walikotoka walikuwa wakila ugali laini wa mchuzi wa dagaa na maziwa kidogo. Hatukubadili kwa siku moja. Siku ya 1 na ya 2 chakula kipya kilikuwa robo, ya 3 na ya 4 nusu, ya 5 na ya 6 robo tatu, ya 7 kizima. Sababu ni bakteria wa utumbo, wanaohitaji siku kadhaa kuzoea. Ukiwastukiza, choo kinakuwa maji, na mtoto wa kilo 5 anayeharisha kwenye joto hili anaishiwa maji ndani ya saa chache.

Milo minne: saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 jioni, saa 2 usiku. Punje zinalowekwa kwa maji ya uvuguvugu dakika 10, maji kiasi cha kuzifunika tu. Bakuli linakaa dakika 15, kisha linaondolewa hata kama kuna kilichobaki. Chakula kilicholowa kisikae zaidi ya nusu saa hapa pwani. Maji ya kunywa yapo muda wote, yanabadilishwa mara mbili.

Matatizo ya wiki hii:

Sisimizi walijaa kwenye bakuli ndani ya dakika tano. Bakuli limewekwa katikati ya sinia yenye maji ya kina cha sentimita moja. Kwisha.

Kito anamaliza kwa dakika moja na nusu kisha anahamia kwa dada yake. Tunawalisha sasa vyumba viwili, mlango umefungwa. Anayelishwa huku akisukumwa hujifunza kubugia, na baadaye hujifunza kung'aka mtu akikaribia bakuli. Punje za Kito zinatandazwa kwenye sinia, na sasa mlo unachukua dakika nne.

Siku ya 4 Shaba alitoa choo laini kama uji. Chanzo kilikuwa nusu kikombe cha maziwa ya ng'ombe aliyopewa jikoni kwa huruma. Mtoto wa mbwa anapoachishwa kunyonya, kimeng'enya cha kusaga laktosi kinapungua, sukari hiyo inabaki kwenye utumbo na kuvuta maji. Tulimrudisha kwenye nusu kwa nusu siku mbili zaidi, bila dawa. Siku ya 7 choo kilikuwa kigumu cha kuokoteka bila kuacha alama sakafuni, ambacho ndicho kipimo tunachokitumia.

Dawa ya minyoo ilishatolewa wiki ya 2, ya 4 na ya 6. Leo imerudiwa, kwa uzito waliopimwa leo. Itaendelea kila mwezi mpaka miezi sita. Tumbo lililovimba kama ngoma huku mbavu zinaonekana ni minyoo mara nyingi kuliko njaa, na kuongeza chakula hakusaidii.

Wiki ya 9. Zawadi ya kwanza ni punje

Mafunzo: jina lake, "kaa", na kugusa kiganja kwa pua. Vipindi vinne kwa siku vya dakika tatu, zawadi 12 hivi kila kipindi, yaani 48 kwa siku. Tulihesabu punje 30 katika gramu 10, kwa hiyo punje 48 ni gramu 16.

Hapa ndipo kopo linaanza kazi. Saa 12 asubuhi chakula chote cha siku cha Kito kinapimwa mara moja, gramu 195. Gramu 20 zinaingia koponi, 175 zilizobaki zinagawanywa milo minne. Kila zawadi ya siku inatoka koponi. Zikibaki punje saa 2 usiku, zinamiminwa kwenye mlo wa mwisho. Zikiisha saa 9 alasiri, mafunzo yameisha kwa leo.

Wengi wanaamini punje za kawaida hazitoshi kuwa zawadi. Ndani ya nyumba, nusu saa kabla ya mlo, zinatosha kabisa kwa mtoto wa wiki 9. Zina faida moja ambayo kuku hana: ni chakula kamili, kwa hiyo hata ukitumia nusu ya chakula cha siku kwa mafunzo, uwiano wa madini hauharibiki. Kanuni ya kwamba zawadi zisizidi asilimia 10 ya kalori za siku inahusu vitu visivyo chakula kamili, kama nyama, ini, dagaa na matunda.

Neno la alama, linalosemwa wakati ule ule mbwa anapofanya sawa, lilikuwa "safi". Tumelibadili. Watu wa nyumba hii wanasema "safi" kwenye simu mara ishirini kwa siku, na watoto walikuwa wakikimbilia simu. Sasa ni mlio wa ulimi, "tk". Zawadi inafuata ndani ya sekunde moja. Ikichelewa mpaka mbwa amesimama tena, umemlipa kwa kusimama.

Wiki ya 10. Kuchagua zawadi za nje

Uani punje zilishindwa mara moja. Kuku wa jirani, upepo, harufu ya jiko: Shaba aliitema punje na kuendelea kunusa. Wiki nzima ikaenda kwenye majaribio.

Kila kitu kilipimwa kwa maswali matatu. Kinamezwa kwa muda gani (saa ya simu)? Mbwa anaachana na kuku wa jirani kwa ajili yake, akiwa mita tano? Baada ya siku mbili choo kikoje?

*Kuku wa kuchemsha, kidari bila ngozi, bila chumvi.* Sekunde moja. Gramu 100 ni kalori 165 hivi. Kikatwe vipande vya nusu gramu, ukubwa wa punje ya njegere mbichi. Kosa la kawaida ni ukubwa: kipande cha gramu 3 hakimfurahishi mbwa mara sita zaidi ya cha nusu gramu, ila kinamaliza bajeti mara sita upesi. Kasoro yake ni joto. Mfukoni kikizidi saa moja tunakitupa. Tunakigandisha kwenye vifurushi vya gramu 20, kimoja kwa kila mbwa kwa siku. Umeme ukikatika usiku kucha na vifurushi vikayeyuka, haturudishi kugandisha.

*Ini la ng'ombe lililokaushwa.* Mshindi. Sekunde mbili, harufu inafika mbali, halichafui mfuko, na linakatika vipande vidogo mno. Maelezo yake yanastahili urefu.

Ini halitolewi bichi kwa mbwa hata siku moja, wala mapafu. Tegu wa Echinococcus huishi katika utumbo wa mbwa, na mbwa huwapata kwa kula ini au pafu bichi la mbuzi, kondoo au ng'ombe lenye vifuko vya maji. Kisha mayai hutoka na kinyesi cha mbwa, yakamwingia mtu, na vifuko hivyo vikaota ndani ya ini au mapafu ya mtu huyo. Wafugaji wa Turkana nchini Kenya wameteswa na ugonjwa huu kwa miaka mingi. Ukiona vifuko kwenye ini la bucha, usilikate nyumbani wala kumtupia mbwa yeyote, lichomwe.

Namna: gramu 500 za ini, lioshwe, likatwe vipande vya unene wa sentimita moja, lichemshwe nusu saa kamili tangu maji yachemke. Liache lipoe, kisha likatwe vijipande vya milimita tano. Tandaza safu moja tu kwenye sufuria pana juu ya kitu ambacho chakula hakinati, funika kwa mfuniko bapa, mkaa mchache chini na mwingi kidogo juu, kama unavyooka keki bila oveni. Geuza kila robo saa. Kwenye oveni ni nyuzi 100 kwa saa mbili, mlango ukiwa wazi kidole kimoja mvuke utoke. Limeiva likivunjika bila kupinda. Likiwa bado linapinda, ukungu utaota siku ya tatu. Gramu 500 zinakuwa kama 160. Hukaa siku tano kwenye chupa kavu, mwezi likigandishwa.

Mara ya kwanza tuliharibu: safu mbili, moto mwingi juu. Nje liliungua, ndani bichi. Mara ya pili mkaa wa juu ulipunguzwa nusu, likatoka vizuri.

Gramu moja ni kalori 4 hivi na ina vijipande saba au vinane. Maana yake kijipande kimoja ni nusu kalori. Lakini ini limejaa vitamini A, ambayo mwili hauitoi kwa mkojo na ikizidi kwa muda mrefu huharibu mifupa. Kikomo chetu ni gramu 4 kwa siku. Likizidi ghafla choo pia kinakuwa cheusi na laini, jambo lililompata Kito siku ya pili baada ya kupewa kama gramu 9.

*Dagaa.* Dagaa wa Ziwa Victoria, waliokaushwa juani bila chumvi, ni wazuri sana. Dagaa mchele wa pwani mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, nao tumewaacha. Kipimo ni ulimi wako: mtafune mmoja. Walioanikwa chini wana mchanga, kwa hiyo waloweke dakika kumi, watikise, mchanga utue, mwaga, rudia mara tatu, kisha wakaushe upya kwa mkaa. Tunawakata vipande vitatu. Kutafuna kunachukua sekunde nne au tano, hivyo hawafai kwa "kaa" inayorudiwa mara kumi, ila kwa "njoo" ni kama sikukuu. Vipande sita kwa siku vinatosha.

*Karoti mbichi.* Kalori 41 kwa gramu 100, lakini inachukua sekunde sita, na nusu ya kipande inatemwa chini. Mbwa anaanza kuokota makombo badala ya kukutazama. Imehamishiwa kazi ya meno, baadaye. *Kiazi kitamu cha kuchemsha* kinamezwa haraka, ila kinanata vidoleni. *Papai* lililokatwa, bila mbegu, Shaba analipenda, Kito analitema. *Jibini* lina kalori karibu 400 na chumvi, limeachwa. *Biskuti* zinavunjika vumbi. *Soseji* za dukani zina chumvi, mafuta, na mara nyingi unga wa kitunguu. Hapana.

Hatimaye tuna ngazi tatu: punje ndani ya nyumba, kuku uani, ini na dagaa kwa kuitwa kutoka mbali au mahali penye vishawishi. Cha ngazi ya juu kisitumike kwa kazi ya ngazi ya chini. Siku mbili za kutoa ini kwa "kaa" ya sebuleni zilitosha Shaba akatae punje.

Hesabu ya kopo imebadilika. Kuku gramu 20 ni kalori 33, ini gramu 2 ni kalori 8. Jumla 41, sawa na gramu 11 za punje, zinazopunguzwa kutoka kwenye bakuli siku hiyo hiyo.

Wiki ya 11. Visivyoingia nyumbani kwao

Karatasi imebandikwa jikoni baada ya kukuta Kito akipewa pilau. Zabibu kavu na mbichi zinaweza kuua figo za mbwa, na kiasi kinachodhuru hakitabiriki. Pilau ya pwani wakati mwingine inazo. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu, na karibu kila mchuzi wa nyumbani unavyo, hivyo mchuzi wa mabaki si wa mbwa. Chokoleti. Makadamia, ambazo zinalimwa kwa wingi Kenya ya kati. Siagi ya karanga na bigijii zenye zilitoli (xylitol, utamu wa badala ya sukari): lebo isomwe, kwa sababu utamu huo hushusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya saa moja. Kokwa la parachichi na kokwa la embe, kwa kuziba utumbo. Mifupa ya kuku iliyopikwa, inayochanika kama sindano.

Wiki ya 12

Kito 9.0, Shaba 8.1. Gramu 295 na 272. Milo imekuwa mitatu: saa 12 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku. Punje hazilowekwi tena.

Chanjo ya kichaa cha mbwa imetolewa, pamoja na dozi nyingine ya chanjo ya mseto. Mezani kwa daktari ngazi ya tatu ilitumika kwa namna nyingine: ini lililopondwa na maji likapakwa kwenye kijiko, Shaba akawa analamba wakati sindano inaingia. Kulamba mfululizo kunamtuliza kuliko vipande. Mpaka dozi za wiki ya 16 zikamilike hawakanyagi barabarani, kwa sababu ya parvo, virusi vya kuharisha vinavyoua watoto wa mbwa. Wanabebwa kwenda kuona pikipiki na watu, zawadi mkononi. Kusubiri mpaka wiki ya 16 ndipo waone dunia ni hasara, maana dirisha la kuzoea vitu vipya linafungwa karibu na wiki ya 14.

Wiki ya 13. Hesabu haikubaliani na mizani

Kito ameongezeka kilo 1.4 kwa wiki moja, ilhali kawaida yake ni chini ya kilo moja. Choo laini siku tatu. Kopo liko sawa, bakuli liko sawa.

Kipimo cha mbavu: kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo. Mbavu zikiwa hivyo, mbwa amekonda. Fungua kiganja, pitisha kidole chini ya vidole: zikiwa hivyo, amenenepa. Pitisha juu ya mgongo wa mkono ulionyooka: hapo ndipo panapotakiwa. Kito alikuwa wa kiganja.

Ilikuwa chapati. Mlinzi wa usiku alikuwa akimkatia robo kila alfajiri, na watoto wa nyumba robo nyingine jioni. Chapati moja yenye gramu 80 ni kalori 240 hivi, kwa hiyo nusu yake ni kalori 120, zaidi ya bajeti yote ya zawadi ya siku (109 kwa uzito wa kilo 9). Kumkataza mtu kumpa mbwa chochote hakufanyi kazi. Mkono unataka kutoa. Kopo limehamishiwa mezani kwa mlinzi, na yeye ana punje 15 zake. Ameambiwa amwambie "kaa" kwanza. Watoto nao wana punje 10. Siku nane baadaye choo kimerudi, na Kito sasa anakaa mwenyewe akimwona mlinzi.

Choo kikilainika, kabla ya kubadili chakula uliza kwanza nani anatoa nini. Kubadili chakula kwa kila choo laini ndiko kunakozaa choo laini kinachofuata.

Wiki ya 14. Swali la ugali

Kuna hoja ya kupunguza gharama kwa kuchanganya ugali, dagaa na mabaki ya nyama. Kwa mbwa mzima inawezekana kwa mpango. Kwa mtoto anayekua haraka hatuishauri bila mtaalamu wa lishe ya mifugo, na sababu ni kalsiamu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna: gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina fosforasi kama miligramu 200 na kalsiamu kama 10, wakati mwili unataka kalsiamu iwe sawa na fosforasi au mpaka mara mbili yake. Mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa kufidia, na mtoto wa miezi minne anapinda miguu au kuvunjika mfupa kwa kuruka kochi.

Kinyume chake ni kosa pia. Anayekula chakula kamili asiongezewe unga wa mifupa wala maganda ya mayai. Kabla ya miezi sita utumbo wake hauna breki ya kuzuia kalsiamu iliyozidi, na mbwa wa umbo kubwa hulipa kwa viungo.

Ugali wenyewe, kijiko kimoja cha kufungia kidonge cha minyoo, hauna neno. Mahindi yaliyoota ukungu yanayouzwa rahisi "kwa ajili ya mbwa" yana neno kubwa. Sumukuvu iliua watu zaidi ya 100 Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, na ikaua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kupika hakuiondoi. Ini la mbwa ni dhaifu mbele yake, na mtoto ni dhaifu zaidi.

Wiki ya 16. Kanuni inapokatika

Kito 13.0, Shaba 11.4. Kwa kuzidisha kwa 3 Kito anastahili gramu 389; akitimiza miezi minne, kwa 2 anastahili 259. Hakuna mbwa anayebadilika hivyo kwa usiku mmoja. Tumeweka 2.5, gramu 324, na tutateremka kidogo kidogo mpaka 2 ifikapo miezi sita, tukiangalia mbavu kila Jumamosi.

Meno ya mbele yanang'oka. Ini kavu sasa linamuumiza Shaba. Analishika na kuliachia. Linalowekwa dakika mbili kwa maji ya kuku kabla ya kipindi. Dagaa wamesimamishwa wiki mbili. Karoti nzima iliyogandishwa imepata kazi yake: anaitafuna dakika 20 chini ya uangalizi, na inatuliza ufizi. Ikibaki kipande cha urefu wa kidole gumba inaondolewa asije akakimeza kizima.

Wiki ya 18. Mkono ulio mtupu

Kito anakaa tu anapoona mkono unaingia mfukoni. Kosa ni la mkufunzi: zawadi ilikuwa ikionekana kabla ya tendo, kwa hiyo kwake amri ni mkono wala si neno. Dawa: kopo linakaa rafuni, mikono mitupu, neno, anakaa, "tk", kisha ndipo unatembea hatua mbili kuchukua zawadi. Ilichukua siku nne.

Punguzo la zawadi limeanza kwa "kaa" pekee: mara mbili kati ya tatu, kisha moja kati ya mbili, bila mpangilio anaoweza kuukariri. "Njoo" inaendelea kulipwa kila mara, na haitapunguzwa mwaka huu. Anayemwita mbwa kutoka kwenye kuku wa jirani halafu akampa sifa tupu, wiki ijayo hataitikiwa.

Wiki ya 20

Kito 16.4, kwa 2.2 ni gramu 339. Hakuna jipya.

Wiki ya 24

Kito 19.3, gramu 348. Shaba 16.8, gramu 314. Tangu wiki ya 12 uzito wa Kito umezidi mara mbili, na chakula chake kimeongezeka gramu 53 tu. Anayeongeza chakula sambamba na uzito angekuwa akimpa zaidi ya gramu 600 sasa.

Milo imekuwa miwili, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kopo lina punje 25 na ini gramu 2. Mara nyingi linafika jioni na nusu. Chakula cha ukuaji kitaendelea mpaka karibu mwaka mmoja.

Shaba anahasiwa mwezi ujao. Mahitaji ya kalori hushuka baada ya hapo, kwa wengi robo hivi. Bakuli lake litapunguzwa asilimia 10 wiki ya kwanza baada ya kidonda kupona, kisha mizani kila Jumamosi kwa wiki nane kabla ya kupunguza zaidi.